Tanzia ya Mtu Aliyesimama Mlangoni

"Ukiigusa tu karatasi hiyo, Baba, usiniite binti yako tena," Rumyana alisema. Alikuwa amemshika kiwiko kwa mikono miwili, na tumbo lake la miezi saba limekaa kati yao kama msuluhishi aliyechelewa kufika.

"Nitakuitaje na mimi ni marehemu? Soma hapo."

"Nimesoma. Mji mzima umesoma. Shusha mkono."

"Nikiushusha, nani atamtoa mtoto hapo?"

"Mtoto yuko tumboni mwangu. Hayuko mlangoni."

"Jina lake liko mlangoni," Velko Sarandev alisema. Sauti iliyofika safu ya mwisho ya viti kwa miaka arobaini na miwili bila kupazwa, asubuhi hii haikufika hata ngazi ya tatu.

Ilikuwa saa nne asubuhi kwa saa ya Rumyana. Saa kubwa iliyo juu ya mlango wa jumba la maonyesho haikutegemewa na mtu, kwa kuwa ilifuata wakati wa mchezo na si wa mji, na mchezo wa msimu ule ulianza jua likizama na kwisha jua lile lile likizama. Mji wenyewe haukuwa na jina. Zamani ulikuwa nalo, la Kibulgaria safi, lakini watu wa filamu walipokuja walilipaka rangi nyeupe kwenye vibao vyote vya barabarani ili mji uweze kuwa mahali popote, kisha wakaondoka bila kulirudisha. Wakazi walisubiri mwezi, wakasubiri wa pili, halafu wakazoea. Mtu akiulizwa anatoka wapi alijibu, "Hapa hapa." Watu wa filamu waliacha vitu vingine pia. Theluji ya pamba juu ya paa la shule. Reli fupi ya kamera iliyoanzia uani na kuishia uani. Bomba refu lenye matundu, lililofungwa juu ya mlango wa jumba, ambalo wakati wa kupiga picha lilinyesha mvua kila lilipoamriwa, na sasa lilidondosha tone moja moja kama mtu anayefikiri. Na ile karatasi.

Haikuwa kubwa kuliko ukurasa wa daftari. Ilizungushiwa mstari mweusi. Katikati palikuwa na picha ya Velko ya siku za nywele nyingi, na chini ya picha jina lake lote, na chini ya jina: *Miezi sita bila mwigizaji wetu, baba yetu, babu yetu. Sauti yake hatuisahau.* Chini kabisa, kwa herufi ndogo: *Wafiwa ni binti yake Rumyana na mjukuu wake Kalin.*

Kalin alikuwa hajazaliwa. Hakuna aliyekuwa ameambiwa kwamba ataitwa Kalin. Hata baba yake, aliyeendesha lori la mizigo nchi za mbali na kupiga simu kila Jumapili, hakuwa ameambiwa.

Katika mji ule mtu akifa, jamaa zake humchapia tanzia yenye picha na kuibandika kwenye mlango wa nyumba, kwenye nguzo ya umeme, kwenye kituo cha tramu, kwenye mlango wa mahali alipofanya kazi. Siku ya arobaini huchapa nyingine. Miezi sita, nyingine. Mwaka, nyingine. Wafu wa mji ule hawaendi makaburini tu wakatulia. Wanabaki wakiwatazama watu wanaonunua mkate. Na mkono uliobandika haubandui. Tanzia hung'olewa na mvua, au jua, au theluji, kwa muda wao wenyewe. Hakuna aliyejua sheria hiyo iliandikwa wapi, lakini hata walevi waliochana mabango ya uchaguzi walipofika kwenye tanzia waliizunguka. Kwa sababu anayeichana, ilisemwa, huwa ameiharakisha, na karatasi iliyoharakishwa humchukua mmoja wa waliotajwa chini yake.

Waliotajwa chini ya hii walikuwa wawili.

"Sheria hiyo ni ya tanzia za kweli," Velko alisema. "Hii ni ya filamu. Niliiona ikichapwa. Nilicheka."

"Ile ya kwanza ndiyo ya filamu. Hii ni ya tatu. Hii ni ya nani?"

Tone lilidondoka, likampata Velko begani.

Ya kwanza ilikuja hivi. Katika filamu Velko alikuwa mwigizaji mzee asiye na jina anayekufa siku ya kwanza ya masika, na ilitakiwa tanzia yake ionekane mlangoni mwa jumba huku mvua ikiinyeshea. Fundi wa vifaa aliuliza aandike jina gani. Mkuu wa filamu, aliyekuwa akila huku amesimama, alimwambia aandike lolote. Fundi akaandika jina alilolijua. Walipiga picha mara nane, wakala, wakafunga kamera. Mgeni yeyote angeng'oa ile karatasi na kuitupa kapuni. Lakini kila aliyebeba vyombo siku ile alizaliwa mji ule, na kila mmoja alipopita mlangoni alimwachia mwenzake aing'oe, na magari yakaondoka, na karatasi ikabaki.

Wiki ya kwanza watu walicheka. Wiki ya pili mwuza maziwa alimtazama Velko kwa muda mrefu kabla ya kumpa mtindi. Wiki ya tatu kinyozi alimfunga kitambaa shingoni, akaenda kumhudumia mtu mwingine, akasahau kurudi. Hakuna aliyemkosea adabu. Hilo ndilo lililomtisha Rumyana. Walimpisha njiani, walishusha sauti, walimpa kiti cha kando kwenye tramu, na mazungumzo yao juu yake yakaanza kurudi nyuma: alikuwa anapenda kahawa bila sukari, alikuwa akitembea hivi. Alikuwa amekaa pale pale, na kahawa mkononi.

Kisha maua. Watu wa kwao humpelekea aliye hai maua ya idadi isiyogawika kwa mbili, na maiti humpelekea ya kugawika. Kila mtoto anajua. Mwuza maua hakosei hata akiwa na homa. Usiku wa kufungua msimu, Velko alipoinama mwisho wa mchezo, mashada yalirushwa jukwaani, na Rumyana, aliyekuwa chini ya jukwaa na macho yake sawasawa na viatu vya baba yake, aliyahesabu. Sita. Nne. Sita. Kumi na mbili.

Hapo ndipo alipofanyia kazi, chini ya jukwaa. Rumyana alikuwa mnong'onezi wa jumba. Mbele ya jukwaa palikuwa na shimo dogo lililofunikwa kwa nusu kuba ya bati, lisiloonekana na watazamaji, na ndani yake kiti, taa ndogo na kitabu cha mchezo. Kwa miaka kumi na mmoja alikaa humo na kuwapa waigizaji neno pale lilipowatoroka. Si kazi ya sauti. Ni kazi ya pumzi. Neno linatakiwa limfikie mwigizaji kabla hajajua amelisahau, ili adhani limetoka kwake.

Na Velko, tusidanganyane, alikuwa hana mengi yaliyotoka kwake. Alianza kazi akiwa maiti. Akiwa na miaka kumi na tisa, katika kundi la kuzunguka vijiji vya mpakani, alibebwa juu ya ubao akiwa askari aliyeuawa, akasifiwa kwa kutopumua. Wakampa sauti mwaka uliofuata. Akawa mwana wa mfalme, akawa mchungaji, akawa padri, akawa mfalme mwenyewe juu ya farasi aliyekodiwa kutoka kwa mfinyanzi. Kwenye filamu alikufa mara thelathini na moja: kwa upanga, kwa sumu, kwa baridi ya mlimani, mara nne kwa mapenzi, mara moja chini ya treni ya mbao. Kila mara aliinuka, akajikung'uta, akaomba kahawa. Mtu anayekufa namna hiyo mwishowe hudhani kifo ni zamu, na kwamba baada ya zamu kuna gari la kukurudisha nyumbani. Ulipofika mwaka wa kushusha picha kubwa kubwa za viongozi wa chama kutoka kwenye kuta za ofisi, majumba ya maonyesho yakakaa matupu, na Velko akaajiriwa kusemea filamu za kigeni kwenye televisheni. Sauti moja kwa wote. Alikuwa jaji na mshtakiwa, bibi harusi na mbwa. Watoto waliokua miaka ile waliamini kwamba dunia nzima iliyo ng'ambo ya milima inazungumza kwa koo la mtu mmoja.

Na aliporudi nyumbani, nani alirudi? Rumyana alipokuwa mdogo alisikiliza hatua za ngazini ili ajue atakula chakula na nani. Siku nyingine alikaa mezani mfalme aliyekataa supu. Siku nyingine alikaa mtu mwenye kikohozi ambacho kesho yake hakikuwepo. Mama yake hakuwa na subira na mambo hayo. Alichovya kitambaa kwenye mafuta, akamshika mumewe kidevu na kumfuta uso, akimfuta na kumfuta, akisema, "Toka, toka, toka," mpaka amwone yule aliyemwoa. Mama amekwisha kufa. Tanzia zake ziliondoka vizuri, na mvua ya masika, mwaka hadi mwaka. Hapakubaki mtu wa kumfuta Velko uso.

Mlango ulifunguka kwa ndani. Mzee Gencho, bawabu, alitoa kichwa, kisha bega, kisha ndoo ya gundi iliyokauka pembezoni.

"Mnagombana mbele ya marehemu," alisema.

"Marehemu ndiye ninayegombana naye," Rumyana alisema. "Mzee Gencho, nani alibandika hii?"

Bawabu alitikisa kichwa kushoto na kulia, kushoto na kulia, na kwa watu wa kule mtikiso huo ndio *ndiyo*. Alikuwa anakiri kabla hajaulizwa vizuri.

"Mimi. Na ile ya siku ya arobaini, mimi pia. Niliona siku zinafika na nyumba yenu kimya. Nikasema, huyu binti mjamzito, mumewe yuko safarini, amesahau. Mtu mkubwa kama Velko apite arobaini bila karatasi? Ni aibu ya jumba zima. Nikaenda kwa mchapaji mwenyewe."

"Mzee Gencho. Unamwona huyu?"

"Namwona."

"Nani huyu?"

Bawabu alimtazama Velko kwa upole ambao Rumyana alitamani kuupiga kofi. "Ni yeye, Mungu amlaze pema. Amefanana sana na picha."

Velko alicheka kicheko kidogo cha kazini, kile cha kuonyesha kwamba mfalme hajaumia. Viatu vyake vilirudi nyuma hatua moja. Rumyana aliviona kwa sababu ndivyo alivyozoea kuviona.

"Na jina la mtoto," alisema. "Nani alikupa jina la mtoto?"

"Si baba yako? Alilisema mwenyewe."

"Alikuambia lini?"

"Hakuniambia mimi. Alilisema jukwaani, mbele ya watu mia nne. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma na tochi. Mfalme anakufa, ananyamaza, halafu anasema, 'Tulia, Kalin.' Watu walilia. Mke wangu analia mpaka leo akikumbuka. Mchapaji aliponiuliza kama kuna mjukuu, nikamwambia yupo, anaitwa Kalin."

Rumyana aliachia kiwiko cha baba yake.

Alikumbuka. Wiki tatu zilizopita, sehemu ya mwisho. Ndani ya shimo, joto, kitabu mapajani, hakipakatiki tena vizuri. Juu yake viatu vya mfalme. Mfalme amenyamaza, na kimya hicho kimeandikwa kitabuni, kimya cha kuhesabu mpaka saba. Moja. Mbili. Neno halihitajiki. Tatu. Mguu mdogo unampiga chini ya mbavu, kwa nguvu, kama mtu anayegonga dari. Nne. Mkono unakwenda tumboni. Tano. Midomo inafunguka yenyewe. *Tulia, Kalin.* Pumzi tu. Si kwa mtu mwingine. Na juu, sita, baba yake, aliyefundishwa na maisha yake yote kuchukua chochote kinachotoka shimoni, alichukua. Alilisema vizuri. Alilisema kuliko maneno yote ya mchezo ule. Hakujua lilikuwa la nani, na hakuuliza, kwa sababu hajawahi kuuliza.

"Kwa hiyo lilitoka kwangu," Rumyana alisema.

"Lilitoka shimoni," Velko alisema. "Na mimi nikalisema. Ndiyo maana lazima niitoe karatasi hii, mwanangu, wewe hujui. Jina la Stamen nalo lilitoka shimoni."

"Stamen gani?"

Velko aliketi kwenye ngazi. Hakuketi kama mfalme wala kama padri. Aliketi kama mzee ambaye miguu imekataa. Mzee Gencho, aliyejua Stamen gani, alianza kuichunguza ndoo yake.

"Kabla yako," Velko alisema, "palikuwa na mtu mle ndani mwenye koti la kijivu. Alinukia mnanaa. Hatukumjua aliletwa na nani, na wakati ule mtu hakuuliza. Alikuwa mnong'onezi mzuri. Ilikuwa unakuja na maneno yako kichwani, na yeye anakupa mengine, yanayofanana, yaliyokaa vizuri zaidi. Unayasema. Kesho unayakuta gazetini. Nilikuwa nacheza waziri. Stamen alikuwa mtumishi wangu, ana sinia, hana neno hata moja katika mchezo mzima. Tulikuwa tunavaa chumba kimoja, vioo viwili kando kwa kando. Usiku mmoja nikafika kwenye kimya changu, na shimo likaniambia, 'Stamen, wewe hukuwa nasi.' Nikalisema."

"Ulilisema."

"Nilimwelekezea kidole. Hicho kidole sikupewa na mtu, nilikitoa mwenyewe, kwa sababu sentensi ilikidai. Watu walipiga makofi. Stamen alidhani ni mzaha, aliniinamia na sinia lake. Wiki iliyofuata Stamen hakuonekana tena, na kioo chake kiliondolewa ukutani. Pakabaki misumari minne."

"Na yeye?"

"Hakuna aliyembandikia karatasi. Mama yake alikwenda kwa mchapaji, mchapaji akamwambia lete cheti, na cheti hakikuwepo. Rumyana, nilikuwa nikiwaogopa watu wenye tanzia. Tangu siku ile nawaogopa wasio nayo. Yule hana hata mlango wa kufia."

Rumyana alitaka kumkasirikia, na hasira ilikuwepo, ya kutosha. Miaka kumi na mmoja alikuwa amekaa kwenye kiti chenye joto la koti la kijivu na hakujua. Alikuwa amejivunia shimo lile. Alikuwa amewaambia watu kwamba bila yeye mfalme ni bubu. Sasa aliwaza jinsi mji mzima ulivyojengwa: juu, mtu mwenye taji anayesema, chini yake, kinywa kisichoonekana, na huko nyuma kwenye viti, watu mia nne wanaotoka na maneno hayo kuyapeleka kwa mchapaji. Ni nani anayetawala hapo? Mwenye taji anangoja neno. Kinywa cha shimoni kinasoma kitabu. Watu wanaamini walichosikia. Hakuna hata mmoja aliyetaka Kalin awe kwenye karatasi ya wafu. Na Kalin yupo kwenye karatasi ya wafu, na gundi imekauka.

Mtoto hakuwa amecheza tangu alfajiri. Alilikumbuka hilo ghafla, akaweka kiganja tumboni.

"Hajacheza," alisema.

"Nani?"

"Tangu alfajiri. Hajacheza."

Velko alisimama. Alitia mkono mfukoni na kutoa kalamu ya nyusi, ile nyeusi ya kujipakia chumbani, akaisogelea karatasi.

"Unafanya nini?"

"Inachukua mmoja wa waliotajwa chini. Basi najiandika chini. Kisha naichana. Ichague, mimi nipo hapo, mkubwa, rahisi."

"Utajiandika mfiwa wa kifo chako mwenyewe."

"Nimekwisha kuvaa uhusika mbaya zaidi."

"Na ikichagua mwingine?"

"Haitachagua mwingine. Mimi najua kufa. Ndiyo kazi pekee niliyosomea."

Alisema hilo vizuri mno. Lilikuwa na kimya chake, na kidevu kilipanda palipotakiwa. Rumyana aliyajua mapumziko yote ya baba yake, na alijua kwamba mtu huyu, aliyempenda, alikuwa anaingia kwenye kifo cha thelathini na mbili akiwa na imani kamili kwamba kuna gari la kumrudisha nyumbani. Kalamu iligusa karatasi. Iliandika herufi ya kwanza chini ya jina la Kalin, na herufi ikaligusa jina la mtoto.

Tone likadondoka kutoka kwenye bomba. Likapiga pembe ya juu ya karatasi, na wino pale ukatanuka kidogo, kama jicho linalofunguka.

Rumyana aliutazama ule wino. Alikuwa mtu wa kufua, kupika, kukunja, kupanga kitabu ukurasa kwa ukurasa. Mawazo yake makubwa yote yalimjia mikono ikiwa na kazi. Sheria ilisema mkono usibandue. Sheria ilisema mvua. Haikusema mvua ya nani.

"Mzee Gencho," alisema. "Hilo bomba lina maji?"

"Lina. Hawakulifunga kabisa. Walisema watarudi."

"Linafunguliwa wapi?"

"Chini ya ngazi, kuna gurudumu jekundu. Lakini binti, hiyo si mvua."

"Na huyo si marehemu. Vitakutana."

"Sijui kama inaruhusiwa."

"Mimi pia sijui. Baba, toa kalamu hapo. Usiiguse karatasi. Simama tu hapo hapo ulipo."

Velko alishusha kalamu. Alimtazama, na uso wake ukaanza ile kazi yake ya zamani ya kutafuta uso wa kuvaa: ukamjaribu mfalme, ukamjaribu padri, ukamjaribu yule mwenye kikohozi, na hakuna aliyekaa.

"Nikifutika nayo?" aliuliza.

"Nimekuuliza kama nifungue. Nifungue?"

Hakuwa amemwuliza. Lakini Velko alitikisa kichwa kushoto na kulia, polepole, kushoto na kulia.

Rumyana alishuka ngazi akishika ukuta. Chini palikuwa na nyaya za watu wa filamu, majani makavu, gurudumu jekundu lenye kutu. Alilishika. Lilikataa. Aliegemea kwa bega, tumbo pembeni, akasukuma, akatukana kwa sauti ya kawaida, akasukuma tena, na likaachia.

Bomba lilikohoa. Kisha ikanyesha. Ilinyesha mlangoni tu, mraba mmoja wa mvua kwenye mji uliokuwa na jua, juu ya karatasi na juu ya mzee aliyesimama mbele yake. Mzee Gencho alivua kofia, akakosa kujua anamvulia nani. Nywele za picha zilikwenda kwanza, zikatelemka juu ya paji la uso, juu ya macho. Kisha jina kubwa, herufi moja ikiivuta nyingine. Kisha miezi sita, kisha sauti isiyosahaulika. Weusi ulishuka hadi kwenye majina madogo, na kwa kitambo ambacho Rumyana hakuvuta pumzi majina yale yalisimama peke yake, makavu bado, katikati ya mto. Kisha nayo yakaenda, yote mawili pamoja na ile herufi ya kalamu, hakuna lililotangulia. Karatasi ilijikunja pembe ya juu. Ikainama. Ikashuka mlangoni yenyewe, polepole, kwa uzito wake, na hakuna mkono ulioigusa.

Chini ya mbavu za Rumyana kitu kiligonga, mara moja, kwa hasira.

Velko alibaki ndani ya mvua. Maji yalimtoka nywele, nyusi, kidevu, yakatiririka meusi kidogo, kwa sababu hata asubuhi alikuwa hatoki nyumbani bila kujipaka. Aligeuka kutafuta ngazi, akampata binti yake kule chini, macho ya binti sawasawa na viatu vyake. Akafungua mdomo. Akangoja. Rumyana alikijua kimya kile, alikijua urefu wake, na alikuwa na neno, lilikuwa tayari limefika kwenye meno, neno zuri ambalo mzee angelichukua na kulisema vizuri kuliko maneno yote.

Akafunga midomo, akamwachia alitafute lake mwenyewe, akalizungusha gurudumu mpaka maji yakakatika.